Jiwe Moja, Nyumba Mbili

Igogo hatujengi kiwanjani, tunajenga juu ya jiwe.
Jiwe likikataa kuhama, ukuta unalizunguka,
na kwenye pembe ya chumba changu limeingia nusu:
mgongo wa kijivu, wa baridi, usiolipa kodi.
Nusu ya pili iko chini, kwa Mama Minza,
kitanda cha wanawe kimeliegemea.

Juu ya mgongo huo niliiweka kompyuta.
Meza ya bure, nilisema.
Usiku napanga kadi za harusi na ratiba za misiba,
majina ya marehemu na ya maharusi, herufi zilezile,
na feni mbili za kasha zinavuma
kama mtu anayetaka kusema neno akalimeza.
Nilishazoea.

Usiku wa tatu wa mvua akapanda ngazi,
kanga kichwani, tochi ya simu mkononi.
"Lubango, jiwe linanguruma."
Nikacheka.
Hakucheka. Watoto kawahamishia jikoni tangu juzi,
anasubiri libiringike.
"Lete sikio," akasema, kama anayesema lete mkono.

Nikalala kifudifudi, shavu kwenye jiwe.
Mmm, likasema. Mmm. Mmm-rrr.
Nikanyoosha mkono, nikazima.
Jiwe likanyamaza.
Tukatazamana. Aibu ina joto lake.

Asubuhi nikafungua kasha.
Wadudu wa ziwani, wale wanaopanda kama moshi juu ya maji
na kufuata taa yoyote iliyosahauliwa,
walikuwa wamegandamana kwenye panga moja la feni,
ukoko mweusi, upande mmoja tu.
Kinachozunguka kikielemewa upande mmoja
hakizunguki tena, kinapiga.
Mswaki wa zamani, pamba, spiriti kidogo.
Nikalisukuma panga kwa kidole
mpaka likawa linasimama popote, bila kupendelea chini.

Bado.
Skrubu zilibana chuma kwa chuma,
na chuma hakina siri: kikisikia kinaliambia bati,
bati linaliambia jiwe,
jiwe linamwambia Mama Minza.
Lazima mmoja katikati awe mzito wa kusikia.

Masalu, fundi baiskeli, akanipa kipande cha tyubu
yenye viraka saba. Hakutaka hela,
alitaka tu kujua ni baiskeli gani
inayokaa ndani ya kompyuta.
Nikakata washa nane kwa wembe.
Mbili zikaharibika, nikakata tena.
Skrubu nikazikaza mpaka zishike, si mpaka zilie.
Chini ya kasha, kandambili yangu ya kushoto,
vipande vinne.
(Ya kulia bado ipo. Sijui naiwekea nini.)

Nikaweka glasi ya maji juu ya kasha.
Jana uso wake ulikunja ndita,
pete ndani ya pete, ziwa dogo lenye upepo.
Sasa balbu ilitulia ndani yake,
balbu moja, si thelathini.

Saa nne usiku nikawasha, nikasubiri.
Tulikubaliana: likinguruma, agonge mwiko mara moja,
likinyamaza, mara tatu.
Ko.
Moyo ukashuka.
Ko, ko.
Baadaye nikasikia kitanda kikiburutwa
kurudi mahali pake, mguu baada ya mguu.

Sasa nafanya kazi katika kimya nisichokizoea.
Nasikia vidole vyangu. Nasikia mvua
ikipanda kutoka ziwani, bati kwa bati.
Na saa kumi na moja alfajiri, kupitia jiwe,
kinu cha Mama Minza kinaanza:
du. Du. Du. Mpaka kwenye meno.
Ninacho kipande cha tyubu kilichobaki,
na kandambili ya kulia.
Sijapata namna ya kumwambia.